Marashi ya Chenza, Ghorofa ya Nne

Muuzaji alinipulizia kabla sijamjibu. Nilikuwa nimeingia dukani kwake, hapa Nairobi, kutafuta losheni ya kawaida isiyo na mbwembwe, naye akaniona mtu wa kujaribiwa. Akanishika mkono, akabonyeza chupa, akasema hii ni mpya, ina machungwa matamu, wanawake wa maofisini wanaigombania. Nilitaka kumwambia kwamba mimi si mtu wa kupuliziwa bila hodi. Lakini harufu ilikuwa imeshafika puani, na ilipofika nilisahau nilichotaka kusema. Nikainunua. Losheni nikaiacha palepale kwenye kaunta.

Nimeivaa wiki nzima sasa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuchunguza mambo madogo na kuyaacha makubwa yajichunguze yenyewe, nimeichunguza. Mwanzo ni kali, kama unapomenya chenza na ganda likakurushia unyevu wake machoni. Kisha inatulia na kuwa tamu, utamu wa peremende iliyokaa mfukoni mpaka karatasi ikagandana nayo. Mchana haipo. Unanusa mkono, unakuta mkono. Halafu jioni, ukipanda ngazi kwa haraka na jasho likachungulia, inarudi bila kuitwa, dhaifu na yenye adabu. Mwenzangu wa ofisini amesema nanukia kama keki. Nimemkubalia. Mtu aliyekulia Doha haoni aibu ya kunukia.

Wengi wa rika langu husimulia utoto wao kwa harufu ya vumbi la mvua ya kwanza au moshi wa kuni. Wangu una harufu ya machungwa ndani ya lifti. Tulikaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya pili ya jengo lenye bakala chini, ile bakala ambayo kila kitu cha nyumbani kilitoka huko, mkate, betri, na habari za majirani. Mama alikuwa nesi. Baba alikuwa mtu wa mapokezi katika hoteli moja ya mjini. Wote wawili walifanya kazi kwa zamu, na zamu zao hazikupatana hata siku moja. Basi la shule liliponiteremsha mchana, nyumbani hapakuwa na mtu, nami nilipanda mpaka ghorofa ya nne kwa Bibi Zuwena.

Bibi Zuwena alizaliwa Unguja, akahamia Oman akiwa msichana, na uzeeni akamfuata mwanawe Doha. Mama alikutana naye ndani ya lifti. Mama alikuwa akizungumza kwenye simu kwa Kiswahili, akilalamika kwamba unga wa ugali umeisha, na mwanamke mzee mwenye buibui, aliyekuwa amesimama pembeni kimya, akasema anao unga na apande naye juu akamgawie. Urafiki wao ulianzia hapo. Mama alikisifu Kiswahili chake, akasema ni kile cha kusomea habari redioni. Alipoomba aniangalie mpaka zamu iishe, Bibi alikubali kwa sharti moja tu, asiitwe yaya. Alisema yeye ni jirani, na jirani hana zamu.

Alikuwa na sinia ndogo ya marashi iliyokaa juu ya kabati, nayo iliheshimiwa kuliko televisheni. Chupa nyingi zilikuwa za udi, nzito na nyeusinyeusi, harufu za watu wazima. Yangu ilikuwa chupa fupi yenye kifuniko cha kijani, mafuta aliyochanganyiwa na muuza attari wa sokoni: chenza, na kitu kitamu juu yake, vanila nadhani. Bibi alikuwa akiitafuta harufu ya michenza ya uani kwao alipokuwa mtoto. Kila mara alimrudishia muuza attari ile chupa aiongezee hiki au aipunguzie kile, na kila mara aliponusa alisema, karibu, lakini siyo. Mimi sikujali kwamba siyo. Kwangu ndiyo ilikuwa yenyewe.

Mama alipokaribia kurudi, Bibi aliniita, nikanyoosha mikono, naye akanitia tone kwenye kila kifundo. Alinikataza kusugua, alisema ukisugua unaiua. Nikashuka nyumbani mikono nimeiinua mbele kama mtu anayebeba trei ya mayai.

Nilitaka kujua harufu inakaa wapi. Hilo ndilo lilikuwa swali langu kubwa la miaka ile. Tone lilikuwa dogo kuliko chozi, lakini nikitoka nalo kwenye lifti, mtu aliyeingia baada yangu aligeuka kumtafuta aliyekula tunda. Nje, joto la Doha liliifanya ipande puani kwa fujo, ungedhani nimejitwika kapu. Ndani, kiyoyozi kikiwaka, ililala. Niliwahi kuifungia ndani ya soksi nione kama itakesha. Niliwahi kuipaka kwenye kifutio, nikafuta hesabu nayo, mwalimu akazunguka darasa zima akiuliza nani anakula peremende. Niliwahi kuilamba. Usijaribu. Ni chungu, uchungu wa kukausha ulimi, na hilo lilinishangaza kuliko yote, kitu kinachonukia utamu namna ile kuwa kichungu ndani. Nilipomuuliza mama, alisema harufu si chakula, nikasukutue mdomo.

Jambo jingine lililonisumbua ni kwamba haikuwa ileile kwa kila mtu. Kwa Bibi, ikiwa juu ya udi, ilikuwa nzito, kama machungwa yaliyopikwa yakashika sufuria. Kwa mama ilikuwa ya siku za mapumziko tu, kwa sababu hospitalini manukato yalikatazwa, na siku hizo ilimgeuza kuwa mtu mwingine, mtu asiye na haraka. Nilipenda kumlalia begani akiwa ameivaa. Kwangu mimi ilibaki peremende tu, nikasikitika, nikajiambia labda ngozi yangu bado haijajua kazi.

Wageni wa Bibi walikuja alasiri, wanawake wenye mabuibui meusi yaliyosuguana taratibu walipokaa. Walikula tende na halua, wakanywa kahawa kwenye vikombe visivyo na masikio, wakazungumza Kiarabu upesiupesi, na Bibi akacheka mpaka akajipangusa machozi. Kisha aliingia jikoni akarudi na chetezo, udi ukifuka juu ya makaa. Kila mmoja alikipokea, akakipitisha chini ya buibui, akaufunika moshi kwa shela yake, akampa wa pili. Sinia ya marashi ikafuata. Na moshi ulipomaliza kuzunguka, walinyanyuka. Wote. Hakuna aliyewaambia, hakuna aliyetazama saa, hata yule mwenye hadithi ndefu aliikata katikati akatafuta viatu vyake. Nikakata shauri kwamba moshi ndio unaowainua.

Msinicheke, nilikuwa na ushahidi. Jumamosi moja baba alikuwa kwenye kochi akitazama mpira, nami nikamtia tone la chenza nyuma ya sikio. Akasema, "Hii ni nini sasa? Nanukia kama biskuti." Mpira haujaisha, akanyanyuka akaenda kuvaa suti ya kazini. Paka mmoja wa pale kwenye mapipa ya taka nilimpaka kidogo mgongoni, akapiga chafya, akaondoka na hakurudi jioni ile. Mama mpaka leo husema hapakuwa na paka, lakini mama hakuwepo. Na mimi mwenyewe nilikuwa ushahidi wa tatu. Kila nilipotiwa tone, haukupita muda mlango ukagongwa, nikaondoka.

Aliyeniharibia utafiti alikuwa mama. Alikuja kunichukua akiwa bado na yunifomu, akavua viatu mlangoni, akakaa juu ya zulia la Bibi na kuegemea mto. Akapewa kahawa. Bibi akatoa chetezo. Mama alikiinamia, akafumba macho, akauacha moshi uingie mpaka kwenye mizizi ya nywele, akasema hapo sasa ndipo nimefika. Kisha badala ya kunyanyuka alinyoosha miguu, akaomba aongezewe kahawa. Bibi akaongeza. Wakazungumza mpaka adhana ya magharibi, siku nyingine hata baada ya hapo, habari za Unguja, za Taita kwetu, za wagonjwa wa mama na magoti ya Bibi. Udi ulikwisha kuwa majivu na mama yuko palepale.

Nililifikiria sana jambo hili. Nikaona kwamba dawa ya kuua viini anayonawia hospitalini imemziba, moshi haupenyi. Kwa hiyo nikawa namkaribia nampitishia vifundo vyangu vyenye chenza chini ya pua, huku na huku. Alidhani ni mapenzi, akanikumbatia.

Halafu siku moja mama hakuingia. Alisimama mlangoni na viatu vyake miguuni, akasema asante Bi Zuwena, leo nina haraka. Bibi alikuwa tayari ameshika birika. Siku iliyofuata vilevile. Na iliyofuata. Haraka yenyewe sikuiona, maana tukifika nyumbani mama alikaa kitandani akatazama ukuta. Bibi aliendelea kuitayarisha kahawa, na mama akaendelea kusimama nje ya kizingiti, na kila mmoja alimwambia mwenzake salama salama kwa sauti ya watu wasiojuana.

Sababu niliisikia kutoka kwenye ujia wa nyumba yetu, nilipokuwa nimelala kifudifudi nikichora. Baba alikuwa jikoni akila kabla ya kwenda kazini. Mama akamwambia, "Ule udi Bi Zuwena huwa ananiletea, unaujua? Kumbe ni wa kuambia wageni waende."

Baba alicheka. Mama hakucheka. Alieleza kwamba nesi mwenzake, Mkenya aliyeishi huko Ghuba kabla yetu, alisimulia hivyo wakati wa chai. Huku udi ukishapita, hakuna tena kukaa. Mwenye nyumba anakuaga kwa heshima bila kukutamkia. Manesi wote walicheka, na mama akacheka nao, kisha akaingia chumba cha kubadilishia nguo akazikumbuka jioni zote alizokaa pale miguu amenyoosha.

"Kwetu mgeni siku ya tatu anapewa jembe," alisema. "Mimi nimepewa udi, nikaona ni heshima. Nikaomba na kahawa juu."

Baba alisema huenda haiko hivyo, yule ni mtu wa roho safi, panda tu juu, muulize. Mama akamwuliza atauliza nini hasa, kama amechokwa? Mtu mstaarabu atajibu nini? Halafu akasema neno ambalo lilinifanya niache kuchora. "Na kama amenichoka mimi ninayekaa saa moja, huyu mtoto anayeshinda huko je? Sitamgeuza mtu wa watu mlezi kwa lazima. Nimeshaongea na mama. Wacha Wakesho aende akasomee nyumbani."

Wakesho ni mimi, na nyumbani maana yake ilikuwa Wundanyi, kule Taita, kwa nyanya. Niliwahi kupelekwa mara moja, nikiwa mdogo wa kubebwa, na nilichokumbuka ni ukungu tu. Nyanya mwenyewe nilimjua kama sauti ndani ya simu, sauti iliyouliza nimekula nini. Sikumwogopa yeye. Niliwaogopa wale watoto wa upande wa Al Rayyan tuliokutana nao kanisani siku za Ijumaa, ambao wazazi wao waliwarudisha Kenya kwa nyanya zao, nasi tukawaona tena mwaka mwingine walipokuja likizo, wakiwaamkia mama zao kama wanavyowaamkia walimu. Niliogopa mama na baba watakuwa sauti ndani ya simu, wakiniuliza nimekula nini. Niliogopa kweli.

Ndipo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa, kilichonipata. Kama moshi wa mara moja unamwinua mwanamke mzima kutoka kwenye zulia, matone ya kila siku yatamfanya nini mtoto? Nilikuwa nimejipaka chenza kwa miezi na miaka, imejaa ndani, na sasa ilikuwa inaninyanyua kutoka Doha nzima. Mambo ya jembe na kuchokwa sikuyatilia maanani. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi niliona najua zaidi yao. Niliingia bafuni nikaosha vifundo kwa sabuni ya vyombo, nikasugua kwa kile kisugulio cha masufuria mpaka ngozi ikawaka. Nikanusa. Hakuna kitu. Nikatoka nje kwenye kibaraza, jua likanipiga, na ile harufu ikapanda, tamu, kana kwamba haijaambiwa chochote. Nikalia kwa hasira.

Kesho yake Bibi aliponiita na kichupa chake, niliweka mikono nyuma.

Alidhani ni mchezo, akanifuata upande wa pili. Nikarudi nyuma mpaka kwenye pazia. Hapo akasimama. Akaitazama chupa, akaifunga polepole, akakaa kitako. Sasa ninajua alichokuwa akikihesabu moyoni. Mama ameacha kuingia, na leo mtoto amekataa marashi. Aliona tumemkataa.

"Mamaako kakukataza?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Basi nini, mwanangu? Mara hii ishakuchosha?"

Nilikuwa nimeapa kutosema, lakini uso wake ulikuwa umezeeka ghafla na sikuweza kuuvumilia. "Ukinipaka nitaondoka, Bibi," nilisema. "Mama ananipeleka kwa nyanya, Kenya. Mimi sitaki kuondoka."

Akanivuta mapajani, ingawa nilikuwa mkubwa kwa mapaja hayo na magoti yake yalimuuma. Hakunipigia kelele wala kunibembeleza. Aliniuliza moja baada ya moja, nani kasema, lini, na kabla ya hapo alisema nini, kwa subira ile aliyotumia kufumua uzi uliofungana. Nikamwambia yote, udi na jembe na nesi wa wakati wa chai, na paka pia, kwa kuwa niliona paka ni sehemu ya ushahidi. Nilipofika pale mama aliposema udi ni wa kuwaambia wageni waende, alifumba macho. Kisha akaniomba nimletee buibui lake.

Bibi Zuwena hakuwa mtu wa kushuka. Alishuka kwenda kliniki, na alishuka mwanawe alipompeleka kutembea, basi. Kwetu hakuwahi kuingia, mama aliona haya kwa sababu sebule yetu ilikuwa ndogo na nguo zilishinda zimeanikwa humo. Ndani ya lifti alinishika bega kwa nguvu. Mama alikuwa ndiyo kwanza amerudi, hajapanda kunichukua, akafungua mlango na mwiko mkononi, yunifomu bado mwilini. Alipomwona nani amekuja alikimbilia kamba ya soksi za baba, akaanza kuzitoa.

"Ziache," Bibi alisema. "Na mie nyumbani nna soksi. Nimekuja kukaa."

Akakaa. Mama alichemsha chai ya maziwa, na Bibi akainywa, nami nilijua vizuri kwamba chai ya maziwa haipendi. Waliulizana hali, wakaulizana tena. Kisha mama, akiwa amesimama mlangoni pa jikoni, akauweka mwiko chini na kuuchukua upya, akasema alichokuwa nacho. "Bi Zuwena, unisamehe. Mimi sikujua maana ya udi. Nimekukalia wee, na kumbe ulikuwa unaniambia kwa heshima niende."

Bibi alikizungusha kikombe kwanza.

"Nilikuwa nakwambia uende, kweli," alisema, na mama akainamisha kichwa. "Ulikuwa ukiingia kwangu miguu imekuvimba, macho mekundu, kutwa umesimama na wagonjwa. Nikasema, huyu anakaa kwa kunistahi mie mzee, hawezi kuaga mwenyewe. Basi nikakutolea udi mapema, nikupe ruhusa ukalale."

Mama akainua uso.

"Nawe ukakaa," Bibi aliendelea. "Wageni wangu wote udi ukipita huondoka, hata yule ninayemtamani abaki. Ndiyo desturi, nitafanyaje. Wewe ukakaa, ukaomba na kahawa. Mwanzo nikasema hajui. Halafu nikasema, hata kama hajui, mtu aliyechoka namna hii hakai pahala asipopapenda. Nikawa nautoa kila siku, nione kama leo utakwenda. Hukwenda hata siku moja. Mpaka juzi."

Mama alilia akiwa vilevile amesimama, mwiko ukidondosha mchuzi kwenye kiatu chake cha kazini. Alilia kama watu wazima wanavyolia wakiwa wamejizuia muda mrefu, bila kujifunika. Alipoweza kusema, aliuliza, "Na mtoto? Hajakuchosha?"

Bibi alisema mtoto hajawahi kutolewa udi. Chenza alinipaka ili nikirudi kwa mama yangu nirudi ninanukia, asije mtu akasema nimeshinda jikoni kwa watu. Na kama nilikuwa natafutiwa pa kushinda, alisema, basi wasinitafutie mbali kuliko ghorofa mbili.

Nilifurahi. Lazima niseme pia kwamba niliona nimedhulumiwa. Moshi haukuwa na nguvu yoyote, hata kidogo. Wanawake wale wote walikuwa wakinyanyuka kwa makubaliano tu, na baba aliondoka siku ile kwa sababu zamu yake ilifika. Nilinusa kifundo changu kilichochubuka. Harufu ilikuwepo bado, nyepesi, na sasa haikuwa na kazi isipokuwa kunukia. Nilihitaji muda kulizoea hilo, na sidhani kama nimelizoea kabisa.

Mama akachukua simu palepale, kabla ya Bibi kumaliza kikombe, maana alisema jambo jema lisingoje baba arudi, baba atafurahi tu. Akampigia nyanya. Aliiweka kwenye spika juu ya meza ili aendelee kukoroga chungu, na walizungumza Kitaita, ambacho nilikielewa nusunusu, lakini nusu hiyo ilitosha. Mama alisema mipango imebadilika, mambo yamenyooka, Mungu ni mwema, Wakesho haji tena. Atabaki kusoma hukuhuku.

Mama aliacha kukoroga, akauliza, mama, bado uko?

Nyanya akasema yuko. Akasema ni vizuri, mtoto akae na mamake. Aliuliza kama sote tu wazima, akaambiwa sote tu wazima. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeulizia kitu kidogo tu, akauliza mikono yangu ina urefu gani. Alikuwa amenifumia sweta la baridi ya asubuhi za Wundanyi. Mwili wake ameshaumaliza, ila mikono alikuwa akiifuma kwa kukisia, kwa sababu mara ya mwisho aliponiona nilikuwa wa kubebwa mgongoni.

"Nitaimalizia tu," alisema. "Atalivaa siku atakayokuja."

Mama aliniita, akaunyoosha mkono wangu, akaupima kwa shubiri kutoka begani mpaka kwenye kiganja. Akarudia kuupima tangu mwanzo, polepole zaidi. Bibi Zuwena, ambaye hakujua Kitaita hata neno moja, alikuwa amegeukia dirishani. Nilisimama wima, mkono nimeunyoosha, nikishangaa mama analia nini tena wakati mimi nimeshabaki.